UZI: Kwa wanaokaa kitini kutwa. Tuwekeane vipimo vya mazoezi, chumvi, presha na usingizi

Hatua kwa Hatua (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Uzi huu ni wa mtu anayeamka saa 11 alfajiri, anapanda daladala, anakaa ofisini au dukani mpaka jioni, anapanda daladala tena, anakula saa 3 usiku na kulala. Dereva, karani, fundi cherehani, mwenye duka la M-Pesa, wote mwili wao una tatizo moja: hauendi popote. Naomba kila atakayechangia aweke kipimo. Dakika ngapi, kijiko kipi, kilo ngapi, na watu hukosea wapi. Maneno ya "kula vizuri, fanya mazoezi, usiwe na mawazo" kila mtu ameshayasikia na hayamsaidii mtu aliyerudi nyumbani amechoka.

Nianze na kutembea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afikishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na siku mbili au zaidi za kazi ya misuli. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Zamani ilielezwa kwamba kila kipande kiwe angalau dakika 10 mfululizo ndipo kihesabiwe. Sharti hilo limeondolewa, kwa hiyo hata dakika nne za kupanda ngazi za jengo zinaingia kwenye hesabu.

Utajuaje kwamba mwendo wako ni wa wastani? Ongea. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini kuimba kukakushinda, uko sawa. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Kipimo kingine ni hatua 100 kwa dakika: angalia saa, hesabu hatua kwa sekunde 15, zikifika 25 umepatia. Maana yake dakika 10 za mwendo huo ni hatua 1,000.

Ile namba ya hatua 10,000 isiwakatishe tamaa. Ilienea kutokana na kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965 kwa jina la manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Mtu wa hatua 3,000 akipanda hadi 6,000 amejisaidia sana. Ongeza hatua 1,000 kwa siku kila wiki mpya, hivyo baada ya wiki tatu umefika.

Kwa anayetumia daladala, njia inayodumu ni kushuka vituo viwili kabla, asubuhi na jioni. Yanayowashinda wengi ni mambo madogo. Viatu vya ofisi vinachubua, basi vitie kwenye begi utembee na raba. Begi la bega moja linavuta shingo, tumia la mgongoni. Jua la Dar kuanzia Desemba hadi Machi ni kali, kwa hiyo safari ya asubuhi iishe kabla ya saa 2. Na barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu, tembea upande wa kulia ili magari yaje yakikutazama usoni. Jioni vaa nguo ya rangi nyeupe au nyepesi.

Ukiwa kazini, kila nusu saa simama dakika mbili. Simu pokea umesimama. Mwenye duka aweke bidhaa inayouzwa sana kwenye rafu ya mbali na kiti.

Mama wa Kariakoo

Asante mleta uzi. Naomba wataalamu mguse kitambi. Kuna wanaopiga sit-up 100 kila asubuhi, wengine wanafunga mkanda wa kutoa jasho tumboni, na maji ya moto yenye ndimu kabla ya kula. Kipi kinafanya kazi kweli?

Kocha wa Mtaa

Dada, katika hayo matatu hakuna kinachoondoa mafuta ya tumbo.

Sit-up inakaza msuli ulio chini ya mafuta, mafuta yenyewe hayasogei. Mwili unachota mafuta kila sehemu kwa mpango wake, pale tu unapotumia nguvu nyingi kuliko ulizokula. Ukipiga 100 kwa pupa utavuta shingo na kuumiza kiuno. Mkanda wa jasho unatoa maji, na kilo ile inarudi ukinywa chupa mbili. Ndimu haina kosa, ina vitamini C, ila haiyeyushi mafuta. Mwenye vidonda vya tumbo inaweza kumsumbua, na kwa sababu ya ukali wake usipige mswaki papo hapo, subiri nusu saa.

Kwanza pima kiuno vizuri. Chukua utepe wa fundi cherehani. Tafuta ubavu wa mwisho kwa kidole, tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, utepe upite katikati ya hapo. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani. Wengi wanapima pale suruali inapokaa, chini ya kitambi, wanapata namba ya kuwafurahisha. Kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu wako: mtu wa sentimita 170 awe chini ya 85. Pima mara moja kwa wiki mbili, asubuhi kabla ya kula.

Sasa kazi ya misuli. Siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwa mfano, dakika 25. Unahitaji kiti, madumu mawili ya lita 5 na ndoo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu ni chuma chako cha bure, na unaweza kuongeza nusu kilo nusu kilo, jambo ambalo vyuma vingi vya jimu haviruhusu.

Pasha mwili dakika 5: tembea papo hapo, zungusha mabega, inua magoti. Kisha:

Kukaa na kuinuka. Kiti kiegemee ukuta kisiteleze. Miguu upana wa mabega, kisigino kisinyanyuke, goti lielekee upande wa vidole vya mguu. Shuka kwa sekunde 3, gusa kiti, inuka. Kosa kubwa ni magoti kubonyea ndani wakati wa kuinuka. Ikiwa rahisi, kumbatia dumu kifuani.

Pushapu. Anzia ukutani. Ukiweza 12 bila kutetemeka, hamia kwenye meza imara, kisha ukingo wa kitanda, mwisho sakafuni. Mwili uwe mnyoofu kama ubao, viwiko visitanuke kama mabawa, viwe nusu ya njia kati ya mbavu na bega. Kiuno kikilegea, rudi ngazi moja nyuma.

Kuvuta dumu. Shika kiti kwa mkono mmoja, inama, vuta dumu mpaka kwenye mbavu, shusha taratibu. Hili ndilo zoezi la mtu wa kompyuta na cherehani, maana misuli ya kati ya mabega ndiyo inayolala kutwa. Wanaume wengi wanapiga pushapu pekee, mabega yanazidi kuja mbele.

Kuinama kwa nyonga. Shika ndoo yenye maji lita 10 mbele yako. Sukuma makalio nyuma kama mtu anayefunga mlango kwa makalio huku mikono imejaa, mgongo ubaki umenyooka, kisha simama. Ukihisi kazi iko nyuma ya mapaja, ni sahihi. Ukihisi kiunoni, umekunja mgongo.

Malizia kwa kubeba madumu yote mawili na kutembea mita 20 hadi 30, kifua mbele.

Kila zoezi seti 2, marudio 8 hadi 12, mapumziko dakika 1 hadi 2. Acha ukiwa unahisi yamebaki mawili ungeweza. Wiki ya tatu fanya seti 3. Ukifika 12 kwenye seti zote, ongeza maji. Dumu lisilojaa linayumba, na mtu akikerwa na hilo ajaze mchanga mkavu: lita 5 ni kama kilo 8, kwa hiyo asianze nalo.

Toa pumzi unaponyanyua. Anayebana pumzi presha yake inaruka juu, na kwa mwenye presha tayari hilo ni hatari. Misuli kuuma siku ya pili na ya tatu ni kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo si kawaida.

Jogoo la Shamba

Mkuu kocha, mtu wa kilo 105 mwenye magoti yanayouma aanze wapi? Na kuna tatizo la ugoko, watu wakianza kukimbia wiki mbili tu mguu wa mbele unawaka.

Mganga wa Viungo

Nidakie hilo.

Kilo 105 na magoti: asianze na kukimbia wala kuruka kamba. Dakika 10 za kutembea, mara tatu kwa siku, ardhi tambarare. Kiti cha kukaa na kuinuka kiinuliwe kwa mto au godoro dogo, maana jinsi goti linavyokunjwa zaidi ndivyo linavyobeba zaidi. Kila wiki mbili punguza urefu kidogo. Watu wanadhani goti bovu lipumzishwe kabisa. Paja likidhoofika goti linabaki bila mlinzi, na maumivu yanazidi.

Tumia kipimo cha 0 hadi 10. Maumivu ya 3 wakati wa zoezi yanayotulia kufikia asubuhi yake yanavumilika. Goti likivimba, au asubuhi likiuma kuliko jana, punguza kazi kwa theluthi moja, usiache yote. Goti linalokwama, linaloachia ghafla ukaanguka, au lenye joto na homa, nenda hospitali.

Ugoko unawaka kwa sababu mapafu yanazoea haraka kuliko mifupa. Mtu anahisi ana pumzi, anaongeza kilomita. Anza kwa kukimbia dakika 1 na kutembea dakika 2, rudia mara 8, siku tatu kwa wiki, kwenye udongo au nyasi. Usiongeze zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa wiki. Maumivu yaliyosambaa kwenye mfupa yanatulia ukipunguza kwa wiki mbili hivi. Lakini sehemu moja, ukiibonyeza kwa kidole inauma kama kidonda, na inauma hata ukiwa umelala: huenda mfupa una ufa. Acha kukimbia, ukapigwe picha.

Raba za mtumba ni nzuri, ila zikague. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama mbao, imekufa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma: ikilalia upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza alikuwa akikanyaga upande huo na itakulazimisha ukanyage vivyo hivyo. Ikunje: ikunjike kwenye vidole, si katikati. Angalia na gundi, kiatu kilichokaa miaka ghalani kinaachia soli siku ya kwanza ya mvua.

Nesi wa Zamu

Hapo kwenye kubana pumzi nimefurahi kocha umesema. Sasa presha, maana mashine zimejaa mitaani na wengi wanapima vibaya, kisha wanameza au wanaacha dawa kwa namba isiyo ya kweli.

Nusu saa kabla: hakuna kahawa, sigara wala mazoezi. Nenda haja ndogo, kibofu kilichojaa kinapandisha presha. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili sakafuni, usipandishe mguu juu ya mguu. Tulia dakika 5 bila kuongea wala kushika simu. Mkono uwe juu ya meza, mkanda wa mashine ulingane na moyo. Mkono ukining'inia, namba inapanda. Mkanda ukae kwenye ngozi, siyo juu ya shati, sentimita 2 hadi 3 juu ya kiwiko.

Ukubwa wa mkanda ndio jambo linalosahauliwa zaidi. Pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi ya kawaida imeandikwa sentimita 22 hadi 32. Mtu wa mkono wa 36 akitumia mkanda huo atasomeka ana presha kubwa kuliko aliyonayo. Nunua mkanda mkubwa wa mashine hiyohiyo. Mashine za kifundo cha mkono usizitegemee.

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, halafu endelea na ule uliosoma juu zaidi. Pima asubuhi kabla ya dawa na kabla ya chai, na usiku kabla ya kulala. Kila mara vipimo viwili, dakika moja katikati. Fanya siku 7, andika zote, futa za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi ni presha ya juu. Zahanati au hospitali kiwango ni 140/90, kwa kuwa watu wengi presha hupanda mbele ya mhudumu.

Namba ikifika 180/120 na una maumivu ya kifua, macho hayaoni vizuri, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, mdomo umepinda au umechanganyikiwa: hospitali sasa hivi. Usisubiri kukuche. Huna dalili yoyote, tulia dakika 5 upime tena. Ikibaki hapo, umwone daktari siku hiyohiyo.

Na naomba sana, msipeane vidonge vya presha na jirani. Na namba ikiwa nzuri usiache dawa, ni nzuri kwa sababu ya hiyo dawa.

Mama wa Kariakoo

Nesi, na mtu anayesoma 150 kliniki halafu nyumbani 126?

Nesi wa Zamu

Achukue zile siku 7 kwenye karatasi ampelekee daktari, pamoja na mashine yenyewe ilinganishwe na ya kliniki. Kama mashine ni nzima, huenda hahitaji dawa kwa sasa, ila aendelee kupima kila baada ya miezi michache. Wapo ambao ni kinyume: kliniki wako sawa, nyumbani wako juu. Hao ndio wanaopita bila kuonekana.

Jiko la Nyumbani

Presha bila chumvi haijakamilika. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, sawa na kijiko kimoja cha chai kisichovimba. Nani atapima kila sahani? Hakuna. Basi pima pakiti.

Andika tarehe kwenye pakiti ya chumvi ya nusu kilo siku unayoifungua. Nyumba ya watu wazima 5, kila mmoja gramu 5, ni gramu 25 kwa siku, pakiti inaisha siku ya 20. Hapo hujahesabu mkate, chipsi za nje, soseji, na vidonge vya mchuzi ambavyo ukisoma lebo chumvi huwa mwanzoni kabisa mwa orodha. Kwa hiyo lenga pakiti ifike siku 30 au zaidi, na kama nyumba ina watoto izidi hapo. Nyumba nyingi zikiandika tarehe zitashtuka.

Namna ya kupunguza: usikate ghafla, watu wataomba chumvi mezani na utakuwa umepoteza. Kata robo, kaa wiki moja au mbili, kata tena. Ulimi unazoea ndani ya wiki chache. Kidonge cha mchuzi kikiingia, chumvi isiingie. Ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili vitiwe mwishoni ili ladha isipotelee kwenye mvuke. Ng'onda na papa mkavu wa chumvi walowekwe saa kadhaa, maji yabadilishwe mara mbili, halafu mchuzi wao usitiwe chumvi kabisa.

Sukari: kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4 hivi, lakini tunavyochota kwa kilima kinafika 6 au 7. Vikombe vitatu vya chai, vijiko vitatu kila kimoja, hata kwa vijiko sawasawa ni gramu 36. Kiwango kinachopendekezwa ni chini ya gramu 50 kwa siku, na ni bora zaidi chini ya 25. Soda nyingi zina gramu 10 hivi kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya 350 peke yake ni gramu 35. Punguza nusu kijiko kwa kikombe kila wiki.

Mafuta yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Kijiko cha chakula kimoja ni kalori 120 hivi, na mkono ukimimina haujui vimetoka vijiko vingapi.

Sahani: nusu mboga (mchicha, matembele, kisamvu, sukuma wiki, figiri), robo maharage, dagaa, samaki au kuku, robo ugali au wali. Kwetu kawaida ugali ni mlima na mboga ni kijiko. Geuza mpangilio, anza kupakua mboga. Dona inashibisha muda mrefu kuliko sembe. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, gesi ya tumboni inapungua na unaokoa mkaa.

Na chai isinywewe pamoja na mlo, hasa kwa kina mama wenye upungufu wa damu. Inazuia madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharage yasifyonzwe. Ipishe saa moja.

Mpemba wa Bara

Chumvi ya mawe ya pwani si bora kuliko ya pakiti? Ni ya asili.

Jiko la Nyumbani

Kwa presha ni ileile, zote ni sodiamu. Tofauti ni kwamba ya pakiti imetiwa madini joto yanayozuia rovu na yanayohitajika sana kwa mama mjamzito na ubongo wa mtoto tumboni. Ya mawe isiyotiwa inakukosesha hayo. Iliyofunikwa, mbali na jua na mvuke wa jiko, ndiyo inayotunza madini joto yake. Na chumvi mbadala zenye potasiamu, mgonjwa wa figo asiguse bila daktari, hata baadhi ya wanaotumia dawa za presha.

Mlima na Bonde

Salamu kutoka Kigali. Hapa tangu 2016 kuna Jumapili ambazo baadhi ya barabara hufungwa kwa magari, sasa ni mbili kwa mwezi, watu wanatembea, wanakimbia, na wahudumu wa afya wanapima sukari na presha bure palepale. Miji ya huko isiyo na utaratibu huo, watu 10 wa mtaa mmoja wanaweza kupanga saa 12 asubuhi Jumapili, njia moja ileile. Kwa walio Dar, Daraja la Tanzanite lina njia ya waenda kwa miguu, na urefu wake wa kilomita 1 na kidogo unarahisisha hesabu: kwenda na kurudi ni kilomita 2.

Zamu ya Usiku

Usingizi umesahauliwa. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, na anayelala saa 5 kila siku njaa inapanda, presha inapanda, na zile pushapu za kocha hazina faida anayoitegemea.

Shika saa ya kuamka kwanza, ileile mpaka Jumapili. Saa ya kulala itajipanga yenyewe ndani ya wiki mbili. Wengi wanafanya kinyume: wanajilazimisha kulala mapema, wanagaagaa, kitanda kinageuka uwanja wa mawazo. Ukikaa kama dakika 20 macho makavu, toka kitandani, kaa kwenye mwanga hafifu, fanya kitu kisichosisimua, rudi usingizi ukija. Usitazame saa.

Kahawa inachukua kama saa 5 kupungua nusu mwilini. Ya saa 11 jioni, nusu yake bado ipo saa 4 usiku. Mwisho iwe saa 8 mchana, na chai nzito na vinywaji vya kuongeza nguvu vihesabiwe humohumo. Pombe inalaza haraka na kukuamsha usiku wa manane. Kwenye joto la pwani, oga maji ya uvuguvugu saa moja kabla ya kulala, feni ipulize ndani ya chandarua, shuka la pamba. Simu ichajiwe nje ya chumba au mbali na mkono.

Anayelala mchana baada ya zamu: miwani ya jua njiani kurudi, pazia zito, kitambaa cheusi machoni, na watu wa nyumbani wajue saa zako kama wanavyojua saa za mwajiri.

Mkoromo mkubwa, pumzi inayokatika kisha mtu anashtuka, na kusinzia mchana hata akiendesha gari: huyo akapimwe. Presha ya namna hiyo mara nyingi inakuwa ngumu kushuka kwa dawa peke yake.

Pumzi Tulivu

Kwenye msongo nitaweka mambo mawili tu.

Pumzi. Vuta kwa pua sekunde 4, toa sekunde 6. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika, dakika 5 ni pumzi 30. Hesabu kwa vidole. Kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta, mapigo ya moyo yanashuka. Weka mkono tumboni, ndio uinuke, kifua kitulie. Ukipata kizunguzungu unavuta hewa nyingi mno, ifanye ndogo. Inafanyika kwenye daladala bila mtu kujua. Dereva aifanye gari likiwa limesimama.

Saa ya mawazo. Chagua dakika 15, ileile kila siku, tuseme saa 12 jioni, mbali na kitanda. Andika kila kinachokusumbua, mbele yake andika hatua moja ya kesho, au "halimo mikononi mwangu". Wazo likija saa 6 usiku, liambie lisubiri saa 12 jioni. Hesabu ya ada, kodi na marejesho ya mkopo ikiwa kichwani haina mwisho. Kwenye karatasi ina jumla.

Huzuni nzito au kukosa hamu ya kila kitu kwa wiki mbili karibu kila siku, nenda hospitali ueleze hivyohivyo, ni ugonjwa unaotibika. Mawazo ya kujidhuru hayasubiri wiki mbili: mwambie mtu aliye karibu leo na mfuatane hospitali.

Mjukuu wa Bibi

Shikamooni wakubwa. Na mzee wa miaka 70 na kitu, anayetumia dawa za presha, yupo nyumbani tu? Haya madumu hayamfai.

Mganga wa Viungo

Marahaba. Kukaa na kuinuka kunamfaa kuliko mtu yeyote humu. Kiti chenye mikono, aanze kwa kujisukuma na mikono, mara 5, asubuhi na jioni. Akiweza mara 10 bila mikono, miguu imerudi. Kisha kusimama kwa mguu mmoja, vidole vikigusa meza nzito au sinki, sekunde 10 kila upande, mtu mwingine akiwa karibu. Kisha kutembea uani, kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine, hatua 10 kando ya ukuta.

Asubuhi asiruke kutoka kitandani. Akae ukingoni dakika moja, achezeshe nyayo juu na chini mara 20, ndipo asimame, na akae tena akihisi giza machoni. Likijirudia, apimwe presha akiwa amekaa na akiwa amesimama, daktari aangalie dozi. Ndala zilizolegea azibadilishe kwa viatu vyenye mkanda wa nyuma. Njia ya chooni iwe na taa usiku, na kile kizulia cha mlangoni kinachoteleza kiondolewe leo.